Nilimsawazishia Nesi Kiwanja

Mtaani kwetu mtu akitaka kumsifu mwanamke hodari husema, "Huyo ni kama Nesi." Mimi siku hizi nikisikia hivyo natoka nje nikateme mate. Lakini nitamweleza kama nilivyomjua, na mazuri yake nitayasema yote, maana yapo, na ndiyo yanayoniuma. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningekwisha kumsahau, nikaendelea kulea mtoto wangu.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja wengi wasingejua namsema nani. Alikuwa Nesi sokoni, Nesi kanisani, Nesi kwa mapadri. Serikali ilipoanza kupunguza watumishi, naye akapunguzwa, akakabidhi funguo za wodi na kurudi nyumbani, lakini jina hakulikabidhi. Nyumba yake na yetu zilipeana migongo. Katikati palikuwa na kiwanja cha mama yangu.

Mlangoni kwa Nesi kulikuwa na beseni, jagi na kipande cha sabuni ya mche. Hupiti bila kuvigusa.

"Shikamoo, Nesi."

"Umenawa?"

"Bado."

"Nawa kwanza, ndiyo uniamkie."

Mwenyekiti wa mtaa alinawa. Katekista alinawa. Siku moja alikuja kijana mmoja wa stendi, amevaa miwani ya jua na shati la mitumba lenye maua, akamwambia, "Mambo, Nesi!" Nesi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Mambo yako kwenye kucha zako. Nawa." Yule mshikaji akanawa hadi viwiko, akasahau hata alichofuata.

Wodini alikuwa mkali kuliko uchungu wenyewe. "Sukuma! Kulia utalilia kwako!" Deo wangu alizaliwa mchana wa mvua ya mawe, mabati yanapiga kelele mpaka sijisikii, na mimi namwita mama yangu aliyekwisha kufa. Nesi akaniinamia sikioni: "Mama yako alikuzaa kwenye kitanda hiki hiki wala hakutoa sauti. Usiniaibishie rafiki yangu." Nikanyamaza, nikasukuma, Deo akatoka. Baadaye jirani yetu, Mama Getruda, aliniambia kwamba siku nilipozaliwa mama alipiga yowe mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na rungu. Nilicheka sana. Nilidhani uongo wa Nesi ni wa aina hiyo tu, wa kumsaidia mtu asukume.

Na kumbukumbu yake! Ukipita na mtoto barabarani anakwambia alizaliwa na uzito gani, kitovu kilikatika lini, nani alichelewa kuleta nguo. "Getruda? Huyo alikuwa kilo mbili na nusu, kichwa kirefu kama papai. Mama yake alilia akidhani kitabaki hivyo." Watu wazima wenye ndevu walimkwepa njiani kwa ajili hiyo. Hakuna kitu kilichopita mbele ya macho yake kikasahaulika. Hilo naomba lieleweke vizuri.

Hakuwa mtu wa kupenda malipo. Kuna mfugaji mmoja, hawa ndugu zetu waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, alimleta mkewe kwa mkokoteni akitokea huko chini upande wa Milepa. Hospitali ilikuwa haina hata uzi. Nesi akamchukua yule mama nyumbani kwake, akamzalisha kwenye kitanda chake mwenyewe. Kesho yake mfugaji akarudi na ndama. Nesi alikasirika mpaka tukatoka nje kutazama. "Rudisha mtoto wa watu akanyonye kwa mama yake! Mimi nimezalisha, sijachunga." Mtaa mzima ulisimulia jambo hilo mpaka mavuno.

Lakini ukiingia ndani kwake, mapazia yalikuwa mashuka ya wodi. Vijiko vilikaa kwenye sahani za chuma za chumba cha upasuaji. Kwenye sanduku chini ya kitanda alikuwa na mirija ya dripu, mizima, imekunjwa vizuri kama shanga. Mwanamke huyo huyo aliwahi kumzaba kibao mhudumu mbele ya wagonjwa kwa kukutwa na vidonge mfukoni. Nikamwuliza siku moja, kwa utani, maana tulikuwa na utani wetu.

"Sikuiba," akasema. "Nimehifadhi. Wenzangu wangeuza."

Nikakubali. Ilionekana sawa. Nesi akisema kitu kilikuwa kinaonekana sawa mpaka ufike kwako ukakitafakari.

Kitu alichokichukia kuliko uchafu ni pombe. Kwetu Ufipa ulezi ni chakula, ni heshima, ni kazi. Ukitaka kulimiwa shamba unapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima, jua likisogea wanakunywa, wanaimba, wanakwenda kwao. Nesi hakutaka kusikia. Alimkuta mama mmoja anamwonjesha mtoto mchanga povu la pombe kwa kidole, akaubeba mtungi wote akaumwaga mferejini, mwenye mtungi anamtazama. Mume wake alipokuwa hai hakuwahi kumpikia hata siku moja. Shamba lao lililimwa na vibarua, wakalipwa na kwenda zao wamekauka koo.

Kwa hiyo Nesi aliponiletea debe la ulezi akasema, "Mama Deo, nipikie pombe ya kazi," nilipaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi. Nilijisemea, amezeeka, amelainika, amekuwa mtu kama sisi.

Ngoja nieleze kilichotangulia.

Baada ya kupunguzwa, Nesi alikaa kimya miezi kadhaa, kisha akaamka na biashara kama kila mtu. Zilikuwa siku ambazo kila mwenye chumba alifungua duka na kila mwenye gari alinunua mahindi Laela. Wanunuzi wa nafaka walikuja kutoka Tunduma na mbali zaidi, wanatafuta pa kulala. Nesi akaongeza vyumba, akaandika GESTI kwa rangi nyekundu ukutani. Mashuka hakuhitaji kununua.

Mzungu wa mradi wa barabara alipomaliza mkataba wake aliuza kila kitu, mpaka kamba za kuanikia nguo. Nesi alinunua friji na kasha kubwa la mbao. Kasha lililetwa kwa pikapu, likashushwa na wanaume wakitukana. Kwa upenyo mmoja niliona mabati yamezungushwa kama mkeka.

"Ni nini, Nesi?"

"Tangi."

"Tangi kubwa hivi?"

"La akina mama. Mnatembea na ndoo mpaka shingo zinaingia mabegani. Nitaweka tangi, nitaweka na mizani, mtaleta watoto hapa hapa wapimwe. Ila linataka mahali tambarare, na kwangu kumejaa vyumba. Mama yako angekuwepo angenipa kile kiwanja bila kuulizwa mara mbili."

Mama yangu. Alipokuwa anakufa, Nesi ndiye aliyekaa naye. Ndiye aliyempa maji ya mwisho kwa kijiko. Hata ule uzio wa minyaa unaotenganisha kiwanja na ua wa Nesi waliupanda wao wawili, mmoja anachimba, mwingine anachomeka. Mimi nilikuwa mdogo, niliwashikia miche. Sasa mtu kama huyo akikuambia mama yako angekubali, wewe utabisha kwa mdomo gani?

Nikasema, "Lakini kinabaki changu, Nesi. Nalimia mtoto."

"Kwani nani amesema si chako? Mbona unaongea kama mwanasheria, mwanangu?"

Tukacheka.

Kiwanja kilikuwa na matuta yangu. Si matuta marefu ya shuleni. Haya yetu ya duara, ya Kifipa. Unalaza nyasi, unazifunika kwa udongo, unapanda maharage juu, na chini nyasi zinaoza polepole. Mwaka unaofuata unayatawanya, unapanda mahindi au ulezi kwenye udongo mweusi ambao hauhitaji mbolea ya duka. Baba Deo alikuwa Kabwe kwenye biashara ya dagaa, akija akikumbuka. Tulichokula mimi na mtoto kilitoka kwenye matuta yale.

Nesi akaja na kamba, vigingi na ile mirija ya dripu. Aliiunganisha mpaka ikawa mmoja mrefu, akaujaza maji yenye wino wa bluu, akanipa ncha moja. Maji hukaa sawa pande zote mbili hata mrija ukipita bondeni. Tulifundishwa fizikia kidato cha pili, nikawa najiona mhandisi. Tulipiga kigingi katikati, tukazungusha kamba, tukapata duara. Upande wa uzio ulikuwa juu kuliko upande wa mfereji, karibu kufika magotini.

"Tujaze huku chini?" nikauliza.

"Usijaze. Udongo wa kujaza unatitia, tangi litalala upande litapasuka. Kata kule juu."

Kule juu ndiko kulikokuwa na matuta.

"Nesi, maharage yana maua."

"Maji yakija utapanda mwaka mzima. Kata, Mama Deo. Usiwe mtu wa kukumbatia manyasi."

Nikapika pombe. Nilipika jikoni kwangu, kwa kuni zangu, ulezi wa Nesi. Majirani wakaja asubuhi, wanawake kwa wanaume, na majembe na sururu. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Tulikata, tukabeba udongo kwa karai, tukaokota mawe na mizizi yote isije ikatoboa, tukapiga maji, tukashindilia kwa magogo. Mama Getruda alikuwa anaimbisha, anamtania Mwenyekiti kwamba amebeba jembe kama amebeba mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa na ule mrija, nakimbia kigingi hadi kigingi, napiga kelele, "Bado kidogo hapa! Hapa tayari!" Matuta yangu yalitawanywa kabla ya wakati wake, nyasi zilitoka chini bado za njano, zinanuka vibaya.

Jua liliposogea, Nesi akatoka na mtungi. Nesi mwenyewe! Na gauni lake jeupe. Watu wakampigia makofi ya heshima. Akachota kibuyu cha kwanza, akakileta moja kwa moja mpaka nilipokaa na Deo mapajani, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye uliyetuongoza."

Nilikunywa. Machozi yalinilengalenga kwa furaha.

Siku chache baadaye kasha likafunguliwa. Mafundi wakasimamisha mabati kwa duara, yakakaa sawasawa. Kisha likatoka turubai la bluu, lenye michoro ya samaki. Kisha ikatoka ngazi, ina miguu pande mbili, huku ya kupandia na huku ya kushukia.

Mama Getruda alikuwa amesimama karibu yangu na ndoo. "Mama Deo," akasema, "tangi gani hili lina ngazi ya kuingilia ndani?"

Fundi akacheka. "Tangi wapi, mama? Hili ni bwawa la kuogelea. Wateja wa gesti wataoga humu wakinywa bia."

Nikaenda kwa Nesi. Sikunawa. Alikuwa anahesabu taulo.

"Nesi, uliniambia tangi."

"Kwani halitajaa maji?"

"Ondoa hicho kitu kwenye kiwanja changu."

Akaweka taulo chini taratibu. "Kiwanja changu, kiwanja changu. Mwambie Mwenyekiti, basi."

Nilimwambia Mwenyekiti. Wazee wa mtaa wakaitwa, tukaketi nyuma ya ofisi yake. Hati sina, hakuna aliyekuwa na hati mtaani kwetu. Nikaeleza kila kitu. Nilimaliza nikijua nimeshinda, maana Nesi hakunikatiza hata mara moja. Kisha mzee mmoja, wale wazee wasiopenda mambo marefu, akauliza swali.

"Siku ile ya kazi, ulezi ulikuwa wa nani?"

"Wa Nesi," nikasema. "Lakini nilipika mimi."

"Kupika hata mpishi hupika. Pombe ya kazi inatolewa na mwenye shamba. Na mwenye shamba hanywi kwanza, anahudumia. Kibuyu cha kwanza anakunywa anayeongoza wafanyakazi. Siku ile alikunywa nani?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Wote walikuwepo, wote waliniona.

"Mwenyekiti, nawe ulikunywa," mzee akasema. "Ulikunywa pombe ya nani?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. "Ya Nesi."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mwanamke ambaye hakumpikia hata mumewe, ambaye aliimwaga mitungi ya watu, alikuwa anaijua desturi ile kuliko sisi tunaoinywa. Alitufanya mtaa mzima kuwa mashahidi wake, na sisi tunaimba.

Nikasema, "Jamani, muulizeni uzio. Muulizeni kama hakuupanda yeye na mama yangu, huku kwake, huku kwetu."

Wakamgeukia. Nesi alikunja mikono yake misafi juu ya magoti.

"Ni zamani sana," akasema. "Sikumbuki."

Nesi! Anayekumbuka kichwa cha Getruda!

Bwawa lilisimama. Wengine walinifariji kwamba litapasuka, Mungu si Athumani. Halikupasuka. Halikulala upande, halikuvuja hata tone, kwa sababu tulilisawazishia vizuri. Mwezi wa saba, baridi yetu hii ya Sumbawanga inayofanya watu wavae makoti kanisani, madereva wa Tunduma walikuwa wanaingia humo saa sita mchana wanapiga kelele, meno yanagongana, wanatoka midomo ya zambarau wanaagiza supu. Watoto wa mtaa walining'inia kwenye uzio kutazama mpaka wakaanza kutozwa kiingilio. Mimi nikakodi kipande nje ya mji, mbali, nikawa natoka na Deo mgongoni umande haujakauka na kurudi jua limezama. Mahindi ya mwaka ule tulinunua.

Na bado huyo mtu hanipi nafasi ya kumchukia nikapumzika. Deo alishikwa na homa, akaanza kutupa mikono. Nikapiga kelele nikiwa peke yangu uani. Aliyekuja si Mama Getruda. Nesi alipita kwenye uzio, kijiti kikavu cha minyaa kikamchana mkono, akamchukua mtoto, akamvua, akampangusa kwa maji, akampa dawa, akakaa naye mkekani mchana kutwa bila kula. Homa ikashuka. Akanawa, akafunga kitambaa kwenye mkono wake, akasema, "Mnyweshe maji mengi." Akaondoka. Kuhusu kiwanja, kimya. Nilisimama pale na mtoto mzima mikononi, sijui nimshukuru au nimtupie jiwe. Nilimshukuru. Kwa sauti, kama nilivyolelewa. Nilijichukia wiki nzima.

Juzi nimekutana naye stendi. Amenenepa, anatembea na mkoba wa ngozi, makondakta wanamsalimia. Nilitaka kupita. Akaniita kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

"Mama Deo! Siku hizi huniamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nilikuwa nikutafute. Nina kazi yako, ya malipo kabisa, si ya pombe." Akacheka kidogo peke yake. "Nafungua gesti nyingine Laela. Yule mzungu alikuwa na rafiki yake, naye ameondoka, nimepata bwawa jingine. Vijana niliowachukua hawajui kusawazisha. Wanajaza! Nimewaambia kuna binti yangu Sumbawanga, akishika mrija hakosei."

Binti yangu. Alilisema bila hata kupepesa macho, na naapa alikuwa analimaanisha. Alinitazama kwa upendo ule ule wa wodini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nikamwuliza, "Na kiwanja, Nesi? Umenunua?"

"Cha nini kununua? Kuna mama mmoja mjane nyuma ya gesti, ana kipande, kimejaa matuta ya manyasi tu. Mtu mzuri sana. Nilimwuguza mume wake. Tumeelewana."

Makelele yote ya stendi niliyasikia kwa mbali. Nilikuwa na maneno mengi, niliyapanga miaka yote hiyo nikilima kwenye ardhi ya kukodi. Nilitaka kuyamwaga pale pale mbele ya makondakta wake. Nikamtazama, nikaona kwamba hata nikiyasema yote, atanyamaza kama alivyonyamaza kwa Mwenyekiti, kisha atasema hakumbuki, na watu watasema yule binti hana adabu kwa aliyemzalisha. Na Laela watalima kama tulivyolima sisi.

Basi nikatabasamu.

"Nitakuja, Nesi. Niambie tu nyumba ya huyo mama ilipo, nisije nikapotea."

Alifurahi mpaka akanishika mkono. Akanielekeza kwa upole, kwa kirefu, kama alivyokuwa akieleza namna ya kumeza dawa: nishukie wapi, nipite kwenye mizani ya wanunuzi wa mahindi, kisha nyumba ya tofali za kuchoma yenye mlango wa kijani. Akarudia mara mbili ili nisikosee.

"Jumamosi, basi," akasema. "Asubuhi."

"Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Nilimwacha Deo kwa Mama Getruda na kupanda gari la Laela mchana ule ule, niutafute ule mlango wa kijani.